Saa za dereva zikiisha, lori litalala wapi?

Lori likitoka Kigoma kwenda Dar es Salaam lina zaidi ya kilomita 1,200 mbele yake. Hakuna dereva mmoja anayeweza kuzimaliza kwa siku moja bila kuhatarisha maisha yake na ya wengine. Kwa hiyo kila safari ina swali ambalo haliepukiki: dereva atapumzika saa ngapi, na wapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la dereva mwenyewe, au la bosi wake kwenye simu. Siku hizi kuna kifaa kinachoingia katikati yao. Kinahesabu saa za kuendesha, kinatunza kumbukumbu, na kikisema muda umeisha, umeisha.

Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya wamekifanya kuwa lazima kwa malori makubwa. Tanzania imeanza na mabasi. Waliotangulia wamejifunza jambo moja ambalo linaihusu sana barabara ya Kigoma: ukihesabu saa bila kutenga mahali pa kupaki, unamwondolea dereva tatizo moja na kumpa lingine.

Kifaa chenyewe kinafanya nini?

Zamani dereva wa Marekani alijaza saa zake kwenye karatasi. Karatasi ni rahisi kudanganya. Dereva aliweza kuandika kwamba alilala saa nane usiku wakati ukweli ni kwamba alikuwa barabarani.

Kifaa cha kielektroniki kimeunganishwa na gari lenyewe. Magurudumu yakianza kuzunguka, saa inaanza kuhesabu. Kwa kanuni za Marekani, gari likifikia mwendo wa kilomita 8 hivi kwa saa, kifaa kinaandika chenyewe kwamba dereva anaendesha. Hata kusogeza lori kutoka upande mmoja wa yadi kwenda mwingine kunaweza kuonekana.

Dereva naye anajitambulisha kwa kifaa, kisha anachagua hali aliyonayo: yuko kazini lakini haendeshi, yuko mapumzikoni, au amelala kwenye kebini. Kifaa kinajumlisha muda wa kila hali na kuonyesha saa zilizobaki. Mkaguzi akisimamisha lori, anaona yote.

Saa ngapi zinaruhusiwa?

Kila nchi ina hesabu yake:

• Marekani: Dereva wa mizigo anaruhusiwa kuendesha saa 11, ndani ya dirisha la saa 14 tangu aanze kazi. Kabla ya hapo lazima awe amepumzika saa 10 mfululizo. Vifaa vya kielektroniki vilianza kuwa lazima Desemba 2017.

• Umoja wa Ulaya: Ni saa 9 za kuendesha kwa siku, na mara mbili kwa wiki zinaweza kufika 10. Kila baada ya saa nne na nusu, dereva anapumzika dakika 45. Magari mapya yalianza kufungwa kifaa cha kidijitali Mei 2006.

• Tanzania: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kazi za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Ukiongeza ovataimu, siku ya kazi isizidi saa 12. Baada ya saa 5 za kazi mfululizo, mfanyakazi anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine, anastahili kupumzika saa 12 mfululizo.

Sheria hiyo ya Tanzania haikutungwa kwa ajili ya malori peke yake. Ni ya waajiriwa kwa ujumla, na dereva aliyeajiriwa ni mmoja wao. Anayeendesha lori lake mwenyewe hana mwajiri wa kumbana, lakini usingizi haujali lori ni la nani.

Tanzania imeanzia kwenye mabasi

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA kwenye usafiri wa nchi kavu, inafuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa kielektroniki unaofahamika kama VTS. Mfumo unaonyesha basi lilipo na mwendo wake. Abiria wengi wa Kigoma wanaujua kwa sauti ya kifaa kinacholia basi likizidisha mwendo.

Pia LATRA imeleta kitufe cha utambuzi wa dereva. Dereva anakigusisha kwenye kifaa ndani ya basi ili mfumo ujue nani ameshika usukani. Basi lenye safari inayozidi saa 8 linatakiwa kuwa na madereva wawili, na kitufe ndicho kinachoonyesha kama kweli wamepokezana.

Umuhimu wake uliongezeka Oktoba 2023, mabasi yalipoanza tena kusafiri usiku baada ya katazo la karibu miaka 30.

Kwa malori hali ni tofauti. Mengi yana kifaa cha GPS kilichofungwa na mwenye gari ili ajue mali yake ilipo na mafuta yanaendaje. Mizigo inayopita kwenda nchi jirani hufungwa lakiri ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Vifaa hivyo vinalinda gari na mzigo. Kulinda usingizi wa dereva ni kazi nyingine, ingawa taarifa za GPS tayari zinaweza kueleza lori lilitembea kwa muda gani bila kusimama.

Hesabu ya safari ya Kigoma

Tuchukue mfano. Kutoka Kigoma hadi Tabora kupitia Uvinza, Malagarasi, Kaliua na Urambo ni takriban kilomita 400. Lori lililojaa haliendi kilomita 80 kwa saa njia nzima. Kuna matuta, vijiji, ng'ombe, vipande vibovu na ukaguzi. Tukadirie wastani wa kilomita 45 kwa saa.

Dereva anafika getini bandarini saa 12 asubuhi. Kuna foleni, karatasi, kupakia, kufunga turubai. Anapata saa moja ya kula na kupumzika. Lori linatoka saa 8 mchana.

Bado hajaendesha hata kilomita moja, lakini ameshatumia saa 7 za kazi. Hata akifika kikomo cha saa 12 pamoja na ovataimu, zimebaki 5. Tano mara 45 ni kilomita 225. Saa yake itaisha saa 1 usiku, giza likiwa linaingia, akiwa ameshavuka Daraja la Kikwete kwenye Mto Malagarasi na Kaliua bado hajaiona.

Hapo ni porini. Ana njia tatu:

• Kulala hapohapo. Saa zake ziko sawa, lakini lori liko pembeni ya barabara gizani, na yeye na utingo wake hawana mlinzi.

• Kukaza hadi Kaliua. Anafika penye taa na watu, lakini amezidisha saa na amechoka. Kifaa kikiwepo, kimeshaandika kosa.

• Kusimama mapema Uvinza. Ni takriban kilomita 100 kutoka Kigoma, kwa hiyo anafika kama saa 10 na robo jioni. Anapata chakula, maji na watu. Lakini karibu saa 3 za kuendesha zimebaki bila kutumika, na bosi anaona lori limesimama jua likiwa bado linawaka.

Kuna njia ya nne ambayo wengi huipuuza: kulala Kigoma. Dereva anamaliza kupakia, anapumzika, anatoka kesho yake saa 12 asubuhi. Kwa saa 9 za kuendesha na saa moja ya mapumziko, anaingia Tabora saa 10 jioni bila kuvunja sheria.

Aliyelala porini na kupumzika saa 12 kamili ataondoka saa 1 asubuhi na kufika Tabora karibu saa 5. Tofauti ni kama saa 5 tu. Kwa muda huo, aliyelala Kigoma amekwepa usiku mmoja gizani. Mzigo wa dagaa wakavu, mawese au chumvi ya Uvinza hauharibiki kwa saa 5.

Njia ya Kasulu na kumbukumbu zake

Malori mengine hupita kaskazini: Kidahwe, Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, kipande cha kilomita 300 hivi. Njia hii inaunganisha Kigoma na barabara ya Kahama na ile ya kwenda Rwanda na Burundi.

Wenyeji hawana haja ya kuelezwa kwa nini dereva wa huku hapendi kusimama porini. Kwa miaka mingi mapori ya Kasulu, Kibondo na Kakonko yalijulikana kwa utekaji wa magari, na mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha. Hali imebadilika na lami imefungua njia, lakini tabia ya kutozima injini hadi mjini ilizaliwa na hofu ya kweli.

Ukimwambia dereva wa namna hiyo kwamba kifaa kimeamua asimame sasa hivi, atakuuliza swali la haki: nisimame hapa?

Hata pasipo na majambazi, wapo wanyonya mafuta. Dereva akipitiwa na usingizi, anaamka tenki limepungua, betri haipo, au turubai limechanwa. Wakati mwingine hasara hiyo inakatwa kwenye posho yake. Ndiyo maana wengine hulala kwa zamu na utingo, na usingizi wa namna hiyo haumalizi uchovu.

Marekani walivyojifunza kwa uchungu

Tatizo hili lina msiba wake Marekani. Machi 2009, dereva aliyekuwa akipeleka maziwa alifika mapema kuliko muda wa kushusha mzigo huko South Carolina. Hakuwa na mahali salama pa kusubiri, akapaki kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa. Aliuawa na jambazi aliyeondoka na dola 7. Familia yake ilipigania mabadiliko, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria iliyopewa jina lake, Sheria ya Jason, inayoitaka serikali kupima uhaba wa maegesho ya malori na kuruhusu fedha za barabara kuyajenga.

Serikali iliwauliza madereva. Katika ripoti ya 2015, zaidi ya asilimia 75 walisema hupata shida mara kwa mara kupata maegesho salama. Utafiti uliporudiwa mwaka 2019, baada ya vifaa vya kielektroniki kuwa lazima, asilimia 98 walisema hivyo. Haina maana kwamba vifaa peke yake ndivyo vilivyosababisha, maana malori nayo yaliongezeka. Lakini dereva aliyekuwa akizoea kusogea nusu saa mbele kutafuta nafasi, kisha kurekebisha karatasi, hakuweza tena.

Matokeo yake ni mpango mpya wa siku. Wengi sasa husimama mapema, saa moja au mbili kabla muda kuisha, kwa sababu jioni maegesho hujaa. Wengine huweka nafasi kwa simu na kuilipia. Saa hizo zinazoachwa ni kilomita ambazo hazikutembewa, na anayelipwa kwa maili anaziona kwenye mshahara wake.

Somo hilo halina umbali na Kigoma. Maelfu ya Wakongo na Warundi walioishi kwenye makambi ya mkoa huu, kama Nyarugusu, wamehamishiwa Marekani, na wapo kati yao wanaoendesha malori makubwa huko. Ndugu wakiuliza kwenye WhatsApp kwa nini hapokei simu, huenda yuko mbioni kutafuta pa kupaki kabla saa haijamkatikia.

Kifaa hakiondoi haraka

Je, vifaa vimepunguza ajali? Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walikuta kwamba madereva walianza kweli kufuata kikomo cha saa, hasa wale wa kampuni ndogo. Lakini ajali hazikupungua kama ilivyotarajiwa, na makosa ya mwendo kasi yaliongezeka kwenye kampuni hizo ndogo.

Sababu inaeleweka hata kwa asiyewahi kushika usukani. Saa zimepunguzwa, safari ni ileile, malipo ni yaleyale. Dereva anafidia kwa mguu wa kulia.

Hapa kwetu dereva anayepewa posho kwa safari yuko kwenye mtego huohuo. Akifika mapema anapata safari nyingine. Akichelewa, anakula posho ileile kwa siku nyingi zaidi. Kifaa kikiwekwa juu ya malipo ya namna hiyo bila kuyagusa, kitahamisha tu hatari kutoka kwenye usingizi kwenda kwenye mwendo.

Muda unaoliwa kwenye foleni

Sehemu kubwa ya siku ya dereva haiko barabarani. Iko getini, kwenye mizani, kwenye forodha na kwenye ghala. Kwa Kigoma kuna na ziwa. Mzigo wa kwenda Kalemie, Uvira au Bujumbura unategemea meli, na meli inategemea upepo, nafasi gatini na karatasi. Lori linaweza kusubiri siku nzima kushusha.

Kifaa kinaufanya muda huo uonekane. Hapo ndipo kinapoweza kuwa rafiki wa dereva. Bosi akipiga simu kuuliza kwa nini lori bado liko Uvinza, kumbukumbu zinajibu: lilikaa getini saa 8. Mteja anayechelewesha kupakia hawezi kusema dereva ndiye aliyezembea.

Kwa hiyo dereva asikione kifaa kama askari wa bosi tu. Kumbukumbu zilezile zinazomshitaki zinaweza kumtetea, mradi na yeye aruhusiwe kuziona.

Namna ya kupanga: anzia mwisho

Madereva na wapangaji wa safari waliozoea vifaa hivi hupanga kinyume na desturi. Hawaanzi na saa ya kutoka. Wanaanza na mahali pa kulala, kisha wanarudi nyuma.

• Chagua pa kulala kwanza. Pawe na taa, mlinzi, choo na watu. Kwa njia ya kati ni Uvinza, Kaliua, Urambo au Tabora. Kwa njia ya kaskazini ni Kasulu, Kibondo, Kakonko au Nyakanazi.

• Weka na pa pili. Chagua kituo cha karibu zaidi, kama saa moja na nusu kabla ya kile cha kwanza. Mvua, pancha au foleni ya mizani ikila muda, dereva hahitaji kubahatisha.

• Hesabu kusubiri kama kazi. Saa za getini zitolewe kwenye saa za siku kabla ya kuahidi mteja lini mzigo utafika.

• Ukichelewa kupakia, usitoke jioni. Kulala mjini na kutoka alfajiri mara nyingi kunagharimu saa chache tu.

• Kubalianeni kabla ya safari. Dereva ajue kwamba akisimama kwa sababu saa zimeisha, hatakatwa posho. Makubaliano hayo yaandikwe, yasibaki ya mdomo.

• Usiazime kitufe. Dereva anayetumia utambulisho wa mwenzake akipata ajali, kumbukumbu zitamtaja mtu ambaye hakuwa kwenye usukani. Matatizo yatawakuta wote wawili.

Mahali pa kupaki ni sehemu ya barabara

Ulaya waliligundua hili na kuweka madaraja ya maegesho salama ya malori: shaba, fedha, dhahabu na platinamu, kwa kupima uzio, taa, kamera na huduma. Huko dereva hata haruhusiwi kumalizia mapumziko yake marefu ya wiki, yale ya saa 45, ndani ya kebini.

Kwenye Ushoroba wa Kati, unaoiunganisha bandari ya Dar es Salaam na Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo, wazo la vituo vya huduma barabarani limekuwepo kwa miaka. Taasisi ya uwezeshaji wa ushoroba huo, CCTTFA, imelisukuma, na vituo vya ukaguzi wa pamoja vilipangwa Vigwaza, Manyoni na Nyakanazi. Lengo la ukaguzi wa pamoja ni kupunguza idadi ya mara ambazo lori husimamishwa. Hapohapo ndipo dereva angeweza pia kulala.

Mkoa wa Kigoma una maeneo yanayofaa kwa kazi hiyo: Katosho ilipo bandari kavu, Kidahwe njia zinapoachana, Uvinza, na Kasulu. Halmashauri hazihitaji kujenga hoteli. Uwanja uliosawazishwa, uzio, taa, choo, bomba la maji na mlinzi vinatosha kuanzia. Mama ntilie watafika wenyewe, na ushuru wa maegesho utabaki wilayani.

Kwa mwenye lori, shilingi za maegesho ya usiku mmoja ni kidogo mno ukilinganisha na tenki lililonyonywa, sembuse tela lililopinduka. Lakini anayelipa asiwe dereva kutoka mfukoni mwake. Akiwa yeye ndiye mlipaji, atalala pembeni ya barabara bure, na kifaa kitaandika kwamba amepumzika saa 12 wakati macho yalikuwa wazi usiku kucha.

Kifaa kinaweza kuhesabu saa ambazo gari limesimama. Kama dereva amelala kweli, hilo linategemea lori limesimama wapi.